Kivuli Kwanza: Mwongozo wa Kufungua Baa ya Kijerumani Igunga

Ukikaa kwenye baa yoyote ya Igunga, kabla hujauliza kuna nini, mhudumu anakuwahi yeye: "Moto au baridi?" Moto maana yake si bia iliyochemshwa. Ni ile iliyotoka kwenye kreti bila kupita kwenye friji, na wapo watu wazima wenye akili zao timamu wanaoipenda hivyo. Mjerumani akilisikia swali hilo ataomba lirudiwe. Wewe unayetaka kufungua baa ya Kijerumani kando ya barabara ya Singida kwenda Nzega, lianze nalo, kwa sababu mteja wa Igunga tayari anajua kunywa bia, anajua anavyoitaka, na hatabadilika kwa vile wewe umekaa Munich miaka minne.

Ukitamka "baa ya Kijerumani", watu huona chumba chenye mbao nyeusi, dari ya chini, pembe za swala ukutani, na kina dada waliovalishwa magauni ya kufungwa kamba kifuani wakibeba magi kumi kwa mpigo. Niliwahi kuingia kwenye baa ya namna hiyo katika mji mmoja wa kanda yetu, jina silitaji. Kuta zilipakwa buluu na nyeupe, madirisha madogo, feni moja inayolalamika. Wateja walikuwa wamehamisha viti, wote wako nje, kwenye kivuli cha ukuta, na ndani alibaki mwenye baa peke yake na pembe zake. Chumba kile kule kwao kilijengwa kuzuia theluji. Hapa kwetu, mwezi wa Oktoba, ni tanuri.

Iko baa nyingine ya Kijerumani, ya nje, na hiyo ndiyo ninayokushauri uiige. Wanaiita Biergarten, bustani ya bia. Historia yake inafaa uijue kwa sababu itakuongoza kwenye kila shilingi utakayotumia. Katika jimbo la Bavaria, kuanzia karne ya 16, ilikatazwa kupika bia miezi ya joto, tangu mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Septemba, kwa kuwa iliharibika na majiko yalisababisha moto. Wapishi wakapika nyingi wakati wa baridi na kuizika kwenye maghala ya chini ya ardhi. Juu ya maghala wakapanda michestinati, mti wenye majani mapana na mizizi isiyokwenda chini sana, ili udongo usishike joto. Watu wakagundua kwamba chini ya miti ile ni pazuri, wakaanza kukaa. Wenye migahawa wakanuna. Mwaka 1812 mfalme Maximilian wa Kwanza akaamua ugomvi: wapishi wa bia waruhusiwe kuuzia bia pale pale, ila wasiuze chakula zaidi ya mkate. Basi wateja wakawa wanakuja na vyakula vyao kwenye vikapu, na mpaka leo kwenye bustani za asili za Munich unaruhusiwa kufungua chakula chako mezani, mradi bia ununue pale.

Kwa hiyo kivuli kilitangulia na bia ikafuata. Sisi tuna miembe. Miembe mikubwa ya Tabora mjini na ya Ujiji ni alama za njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ziwa Tanganyika, ambako wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakitua mizigo kupumzika. Mwembe hauna theluji wala nakshi, lakini saa nane mchana ndio unaokuletea mteja.

Tafuta kiwanja chenye miti, hata kama nyumba yake ni mbovu. Nyumba utaikarabati kwa miezi mitatu, lakini mwembe hauna njia ya mkato. Kama ni lazima uchukue kiwanja kitupu, panda mwembe siku hiyo hiyo unayolipia, halafu kwa miaka ya mwanzo jenga banda refu la nyasi, lililo wazi pande zote. Bati tupu usiweke. Mchana linachoma na mvua ikinyesha hakuna anayemsikia mwenzake.

Pima pia barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Chukua futi kamba wewe mwenyewe, usiamini mguu wa dalali. Umeziona X nyekundu za bomoabomoa kwenye nyumba za watu. Hukuja mjini kupakiwa yako. Halafu angalia udongo. Upande wetu wa mbuga ya Wembere una udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Wazo la kuchimba ghala la chini kama la Bavaria lina mvuto, nakubali, lakini kwenye udongo ule utachimba kisima cha tope. Friji na majenereta yatoshe.

Jina ni jambo la kukaa nalo chini. Wengi huwaza "Kaiser" kwa sababu linasikika zito. Usithubutu. Mkoa wetu wa Tabora ndiko alikokuwa Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyepigana na Wajerumani hadi Januari 1893 ngome yake ilipoingiwa, akajilipua kwa baruti kuliko kushikwa mateka. Wazee wetu waliuita utawala ule "hamsa ishirini", kwa idadi ya viboko. Mji wa Tabora wenyewe ulichukuliwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916, na kabla ya hapo Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na kuishiwa sarafu, walikuwa wamefyatua pale pale Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke, huo huo mlima unaoupanda ukitoka Shelui kwenda Singida. Hii si historia ya mbali ya kupamba ukuta. Kuna mteja wako ambaye babu yake alichapwa. Kama unataka alama ya Kijerumani yenye amani, tunayo mfukoni kila siku: "hela" imetokana na heller, senti za rupia ya Kijerumani zilizoanza kutumika mwaka 1904, na "shule" ni neno lao pia. Baa inayoitwa Hela Moja itamchekesha Mjerumani na Mnyamwezi kwa pamoja, na haitamkera yeyote.

Sasa makaratasi. Sitakaa sana hapa kwa kuwa ofisini watakuelekeza, ila mpangilio ni huu. Sajili jina la biashara BRELA, chukua TIN kutoka TRA, kisha uanze mtaani: mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, mtendaji wa kata, halafu halmashauri kwa afisa biashara. Leseni ya biashara siku hizi huombwa kwenye mfumo wa TAUSI. Leseni ya vileo ni kitu kingine kabisa, inatolewa chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na ni ya miezi sita sita, kwa hiyo weka tarehe ya kuihuisha kwenye simu yako kabla hujaweka namba ya mpiga ngoma. Saa za kufungua na kufunga zinaendana na aina ya leseni; zisome mwenyewe. Bwana afya atakuja kukagua choo na jiko, na wahudumu wote wanaoshika chakula sharti wapimwe. Zimamoto nao watataka kuona mtungi wa kuzimia moto. Na mtu chini ya miaka 18 hauziwi, hata akisema katumwa na baba. Hasa akisema katumwa na baba.

Choo, kwa kuwa nimekigusa: jenga cha wanawake na cha wanaume mbalimbali, chenye maji, taa na komeo. Biergarten ni mahali ambapo mama anakuja na wanawe Jumapili mchana. Baa nyingi za kwetu zimepoteza nusu ya wateja mlangoni mwa choo na bado zinalaumu uchumi.

Bia yenyewe

Hapa ndipo wengi hupoteza mtaji. Wanaagiza bia za Ujerumani za chupa na makopo, wanazipanga kaunta kama vikombe vya ubingwa, na baada ya miezi kadhaa zinapita tarehe. Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Rusumo hana haja nazo. Mkulima wa pamba hana haja nazo. Weka makreti machache ya aina moja kwa ajili ya mgeni na mdadisi, basi.

Ukweli ni kwamba bia unayoijua tangu utoto ni ya Kijerumani kwa nasaba. Lager ni mtindo wa Bavaria, bia inayochachuka polepole kwenye baridi kisha hulazwa. Ile ya rangi ya dhahabu angavu ilipikwa mara ya kwanza mwaka 1842 huko Plzeň na fundi wa Kibavaria, Josef Groll. Kwa hiyo Safari, Kilimanjaro, Serengeti na Balimi ni wajukuu wa fundi yule, wamezaliwa tu kwenye viwanda vya hapa nyumbani. Wape heshima ya baridi sahihi na glasi sahihi, na mteja atakuambia bia yako ina ladha tofauti na ya jirani, wakati zimeshushwa na gari moja.

Utasikia pia habari za sheria ya usafi wa bia ya mwaka 1516, iliyotangazwa Ingolstadt: shayiri, hopi na maji, hakuna kingine. Mabaa ya Kijerumani duniani kote huibandika ukutani. Ukiibandika Igunga, jiandae kwa mzee mmoja kukuuliza pombe ya mtama aliyokuwa akipika mama yake ni nini basi. Kwa kipimo cha mtawala wa Bavaria aliyeitunga sheria ile, si bia. Kwa kipimo cha yule mzee, bia ya chupa ndiyo yenye kutiliwa shaka. Mimi naona karatasi hiyo iachwe Ingolstadt. Na kama utapenda kuuza wanzuki, ile pombe ya asali, uliza halmashauri kuhusu kibali cha pombe za kienyeji kwanza. Usichanganye na leseni ya chupa.

Baridi ni suala la mpangilio kuliko la mashine. Friji moja likijazwa chupa za moto saa kumi jioni halitakuwa na bia ya kunywika hadi saa mbili usiku. Uwe na mawili: moja linauza, moja linapoza, na kinachoingia leo jioni ndicho kitauzwa kesho. Umeme ukikatika, usiruhusu watu kufungua fungua milango kuchungulia. Nunua masanduku mazito ya kuhifadhi barafu ya wauza samaki. Yatakuvusha hadi usiku wa manane. Na yule wa "moto" mwachie kreti lake kivulini. Ni mteja kama wengine, tena hatumii umeme wako.

Kuhusu glasi, nakuomba unisikilize kwa makini, maana hapa ndipo Ujerumani inapoonekana bila kupaka rangi ukuta. Glasi ya bia ya kule ina mstari mdogo uliochorwa karibu na mdomo, na pembeni yake namba: 0,5. Bia sharti ifike kwenye mstari. Povu linakaa juu yake. Kwetu povu ni ugomvi. Mhudumu anayemimina kwa povu anashukiwa kuiba, ndiyo maana anailaza glasi kabisa na kuteremsha bia ukutani kama mafuta. Sasa fikiria hili: chupa zetu nyingi ni za mililita 500, yaani nusu lita kamili. Glasi yenye mstari wa nusu lita inapokea chupa nzima, na juu inabaki nafasi ya vidole viwili kwa ajili ya povu. Mteja anaona chupa imekwisha, anaona mstari umeguswa, na povu linakuwa nyongeza juu ya haki yake.

Mfundishe mhudumu hivi. Chupa ifunguliwe mbele ya mteja, kama desturi yetu ilivyo, na hilo usilibadilishe kamwe. Glasi isuuzwe kwa maji baridi safi kabla tu ya kumimina, isifutwe kwa kitambaa. Ailaze nusu, amimine theluthi mbili, aisimamishe, angoje pumzi mbili tatu, kisha amalizie katikati. Povu likifa haraka na kuacha mapovu makubwa yaliyong'ang'ania kioo, glasi ina mafuta: ya nyama choma, ya midomo au ya sabuni iliyobaki. Ndoo ya kuoshea sahani isiguse glasi. Ziwe na ndoo yao, brashi yao na mtu wao. Nilimwona dada mmoja wa kaunta akiinua kila glasi kuelekea kwenye taa kabla ya kuitoa, anaizungusha mara moja, nyingine anairudisha bila kusema neno. Mtu kama huyo ukimpata, mwongeze mshahara kabla jirani hajamwona.

Magi ya lita moja uliyoyaona kwenye picha za Oktoberfest, ile sherehe ya bia ya Munich, yanafaa kwa picha. Kwa jua la Igunga nusu yake itakuwa imechemka kabla mtu hajaifikia.

Chakula, na nyama ya nani

Ile ruhusa ya mwaka 1812 ndiyo itakuokoa usijifilisi kwa jiko. Igunga ni nchi ya ng'ombe. Siku ya mnada watu wananunua nyama mkononi, wanaichoma, wanaila kwenye karatasi. Waache waje nayo. Weka majiko mawili ya mkaa nyuma ya banda, mchomaji mmoja anayejua kazi, na bei ya kuchomewa kwa kilo. Hapo mteja anakaa muda mrefu, anakunywa zaidi, na wewe hukununua ng'ombe.

Vyako uviuze vichache. Soseji nzuri ya ng'ombe, iliyochomwa polepole isipasuke, na haradali uliyoichanganya na asali. Asali ya misitu ya miombo ya Tabora inajulikana nchi nzima, na hapa kwetu hailingani bei na ya mjini. Kabichi ya chumvi tengeneza mwenyewe: kata kabichi nyembamba, kwa kila kilo moja weka gramu 20 za chumvi, ikande hadi itoe maji yake, ishindilie kwenye chombo cha udongo au cha kioo, weka kitu kizito juu ili majani yazame chini ya maji. Ujerumani huachwa wiki nne na zaidi. Kwa joto letu anza kuionja siku ya tano. Ikipata ukali unaoupenda, ipeleke kwenye friji, maana ukiisahau italegea kama uji. Ikiota ukungu, imwage yote bila huruma.

Wenzetu hutafuna mkate wa kusokotwa wenye chumvi, Brezel. Unaweza kumfundisha mwoka mikate wa mtaani: unga wa kawaida, usokotwe, utumbukizwe nusu dakika kwenye maji yanayochemka yenye soda ya mandazi, unyunyiziwe chumvi ya mawe, uingie kwenye oveni. Utapata rangi ya kahawia yenye kung'aa. Lakini kama utaniuliza mimi, matobolwa na michembe yanaushinda. Kiazi kitamu kilichokaushwa, kigumu kidogo, kitamu kidogo, kinachotafunwa taratibu huku mtu anaongea: kama Wabavaria wangekijua wasingehangaika na mkate. Mimina kwenye kibakuli na karanga za kukaanga, weka mezani bila kudai hela, na uangalie kiu inavyopanda.

Sasa nguruwe. Mguu wa nguruwe wa kuokwa ndio fahari ya baa ya Kijerumani, na kitimoto kina wapenzi wake Igunga kama kwingineko. Lakini Tabora ni mkoa wa misikiti ya zamani iliyokuja na misafara, na kuna Wasabato wengi ambao hawagusi. Ukiamua kuuza, jiko lake, visu vyake, sahani zake na mchomaji wake viwe kando, upande ambao moshi hauendi mezani. Ukishindwa kutenga, usiuze kabisa. Meza moja ya Waislamu wanaokunywa soda na kula ng'ombe wa kuchoma ni biashara nzuri kuliko unavyofikiri, na huipati tena wakishasikia kwamba kisu ni kimoja. Wamoravian nao, kanisa lililoingia mkoani kupitia wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, wengi hawanywi pombe. Kwa hiyo soda, maji na kinywaji cha kimea kisicho na kilevi viwe baridi ile ile ya bia, kwenye glasi zile zile safi. Anayeletewa soda ya vuguvugu ameshaambiwa kwamba si mgeni wako.

Meza na hesabu

Usikubali viti vya plastiki vya bure vyenye nembo. Kampuni ya vinywaji itakuletea viti, miavuli na rangi ya ukuta, na kesho baa yako itafanana na nyingine kumi na mbili zilizopo barabarani. Friji lao lichukue, hilo lina maana. Meza mpe fundi seremala. Kipimo cha benchi la bustani la Kijerumani ni sentimita 220 kwa urefu, na meza yake upana wa sentimita 50 tu, kwa makusudi, ili watu wanaotazamana wasikilizane bila kupiga kelele. Tengenezea mninga wa kwetu kama mfuko unaruhusu. Meza ndefu ina kazi moja kubwa: mtu akija peke yake hakai peke yake. Dereva wa Kigali, mwalimu na mnunuzi wa dengu watajikuta benchi moja, na hapo ndipo baa inapopata maneno yake.

Meza moja iwe ya wenyewe. Kule huitwa Stammtisch, meza ya wazoefu, yenye kibao kidogo juu yake, na mgeni hakai bila kukaribishwa. Sisi tunasema kijiwe. Chagua wazee watano sita wanaojua kuzungumza, wastaafu, mafundi, mshabiki mmoja wa Simba na mmoja wa Yanga, uwawekee bao na kete kamili. Hawatakunywa sana. Lakini kijiwe chenye watu saa kumi jioni ndicho kinachomfanya anayepita barabarani akanyage breki.

Hesabu za kinywaji kule hufanyika kwa penseli: mhudumu anachora mstari kwenye kikaratasi kigumu kinachokaliwa na glasi, kila bia mstari mmoja, wa tano unakata minne. Kwetu chupa tupu hubaki mezani hadi mwisho, na mteja anahesabu kwa macho. Zote mbili zina busara moja, ushahidi ukae mbele ya anayelipa. Mimi ningeacha chupa. Ukiziondoa kwa sababu ya unadhifu, saa tano usiku utakuwa na kesi kila meza.

Jambo moja la Oktoberfest usiliige: wahudumu kule hununua bia kaunta kwa hela zao kisha huziuza, hivyo anayekimbia bila kulipa amekimbia na mfuko wa mhudumu. Tunao mtindo unaofanana, wa kumkata dada mshahara kwa kila chupa iliyopotea. Mpe mkataba wa maandishi, mshahara unaojulikana, na usafiri wa kurudi nyumbani mkifunga. Deni la mteja liwe la baa, liandikwe kwenye daftari lako, kwa saini yako.

Muziki usikusumbue. Bendi za tarumbeta unazo nyumbani: ngoma ya beni iliyoenea Afrika Mashariki wakati wa Wajerumani na baadaye ilizaliwa kwa kuigiza bendi za kijeshi. Na mkoa uliotoa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz ya Shem Karenga hauhitaji kaseti kutoka Munich. Sauti iwe ya kumwezesha mtu kuongea. NEMC imekwisha kufunga baa mijini kwa kelele, na jirani yako anayelala mapema anajua ofisi ilipo.

Magari yanayosimama

Igunga ni mji wa njiani. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita usiku na mchana, na utashawishika kuhesabu madereva kama mgodi. Kumbuka tu kwamba anayeelekea Dar es Salaam akitoka kwako, mbele yake kuna mlima Sekenke, kona juu ya kona na mwinuko mkali. Sheria inaweka kikomo cha kilevi kwa dereva kwenye miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, na tanboi hana kipimo chochote zaidi ya woga. Uwe na eneo la kuegesha lenye mlinzi, chakula kizuri, bafu la kulipia. Dereva anayelala Igunga anywe. Anayeondoka, mpe Radler bila Radler: yaani soda ya ndimu yenye barafu kwenye glasi ya bia. Radler halisi ni nusu bia, nusu soda ya limau, na neno hilo maana yake ni mwendesha baiskeli. Kwa mji uliojaa baiskeli kama huu itauzika mchana, lakini ni kwa wa baiskeli, na hata yeye ni glasi moja tu.

Kalenda yako isifuate ya Munich. Oktoberfest yao, iliyoanza kwa harusi ya mwanamfalme Ludwig Oktoba 1810, huanza Septemba na kuisha mwanzoni mwa Oktoba. Wakati huo kwetu ni jua kali, mifugo imekonda na pesa ya pamba imeshakwenda kwenye ada na bati. Msimu wa pamba hufunguliwa kuanzia Mei, na mpunga huvunwa miezi hiyo hiyo; sherehe yako iwe Julai, kati ya Saba Saba na Nane Nane, watu wakiwa na hela na usiku una ubaridi wa kuvaa sweta. Faida ya miezi hiyo itenge, usinunue gari. Novemba hadi Februari utauza theluthi, na mwezi wa Ramadhani pungufu zaidi. Huo ndio wakati wa kupaka rangi, kurekebisha mabenchi na kuwapa watu likizo zao.

Siku ya kufungua usialike mbunge wala muziki wa jukwaani. Fungua siku ya katikati ya wiki, saa kumi jioni, kwa makreti kumi, glasi thelathini zilizosuuzwa na mchomaji mmoja. Kaa kwenye meza ya mwisho, ya karibu na choo, ambako kila kasoro itakufikia. Mhudumu akija na kukuuliza moto au baridi, mjibu kama mteja mwingine yeyote, ulipe, na chupa yako tupu uiache mezani.